Maharage Yasiyo na Jina

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa kwenye mkutano wetu wa mwaka, Songea. Msemaji alimaliza kidato cha nne shuleni hapa mwaka 1974. Baadaye alifanya kazi ya kukusanya na kutunza mbegu hadi alipostaafu.)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya maendeleo ya kilimo mkoani Ruvuma. Mada hiyo ni pana mno, na hotuba za namna hiyo nimekwisha kuzisikia nyingi. Msikilizaji hutoka akijua kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, jambo ambalo alilijua kabla hajakaa kitini. Kwa idhini yenu, basi, nitazungumza juu ya maharage tu. Naona wenzangu wa miaka ya sabini wameanza kucheka. Wana haki ya kucheka.

Kwa miaka minne tulikula maharage hapa karibu kila siku. Kabla ya kupikwa ilikuwa lazima yachambuliwe, na kazi hiyo walipewa waliochelewa paredi na waliokutwa bwenini saa za masomo. Mimi niliyachambua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya vijana hawa. Tulikuwa tunamwaga gunia juu ya meza za bwalo, tunatoa mawe, vijiti na punje zilizobunguliwa. Siku moja, kwa uchovu tu, nikaanza kuyapanga kwa rangi: mekundu huku, ya njano kule, yenye madoa ya zambarau pembeni, meupe, meusi, na ya kijivu yenye mistari. Katika gunia moja nilipata marundo kumi na moja.

Mwalimu wa zamu alipoingia nilijua nitaongezewa adhabu. Yeye akauliza: "Rundo hili na hili yana tofauti gani?" Nikamjibu kwamba yote ni mekundu, ila moja limekolea zaidi. Akachukua punje mbili akazigeuza mkononi. Moja ilikuwa ya mviringo. Ya pili ilikuwa na umbo la figo, na jicho lake lilizungukwa na mstari mweusi. Hivyo rundo moja likagawanyika, yakawa kumi na mawili. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kazi yangu, ingawa mshahara ulichelewa sana kufuata.

Gunia lile lilikuwa la mchanganyiko kwa sababu shamba lilikotoka lilikuwa la mchanganyiko. Wanaotoka Mbinga wanafahamu ninachosema. Kule Umatengo, penye miteremko mikali, watu hulima ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufunikia nyasi zile, kisha hupanda maharage juu ya kingo. Maji ya mvua hutulia ndani ya mashimo badala ya kuteremka na udongo. Maharage hupandwa mwezi wa tatu, mvua zinapokaribia mwisho, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Mkulima wa ngoro hapandi aina moja ya maharage. Hupanda kadhaa kwa pamoja, ili ugonjwa au baridi ikiua hili, jingine libaki. Hakuna aliyemfundisha hilo darasani.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mwezi wa saba mwaka 1983 nilitumwa kukusanya mbegu za maharage katika milima hiyo. Taasisi iliyonituma sitaitaja, maana kosa halikuwa la taasisi. Nilikuwa kijana, nina Land Rover, dereva, na mifuko ya karatasi mia moja. Katika kijiji kimoja cha juu kabisa nilimkuta bibi mmoja akipepeta maharage uani kwake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kununua?"

"Hapana, Bibi. Naomba mbegu kidogo ya kila aina uliyo nayo."

"Ukapande wapi?"

"Sitapanda sasa. Tutaiweka."

Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwamba mbegu haiwekwi, mbegu hupandwa. Hata hivyo aliingia ndani akatoka na vibuyu tisa. Kila kibuyu kilikuwa na mbegu zilizochanganywa na majivu. Akanieleza kimoja baada ya kingine. Hili huiva upesi, hufaa siku ambayo kuni ni mbichi. Hili majani yake ni mboga nzuri kuliko punje zake. Hili hupandwa likiwa limechelewa, na baridi haliliangushi maua. Hili ni la wageni. Hili alikuja nalo kwa mumewe alipoolewa, na walipohamishiwa kijijini mwaka 1974 alilibeba limefungwa kwenye ncha ya kanga, kwa kuwa hakuamini kwamba gari lililobeba mizigo yao lingefika. Kila moja alilitaja kwa jina lake.

Nilisikiliza kwa heshima zote. Lakini jua lilikuwa linazama, na dereva alikuwa amepiga honi mara mbili. Nikaweka mbegu kwenye mifuko tisa nikaandika juu yake. Kwenye mitatu niliandika maneno haya haya: "Maharage, mekundu, Mbinga, 7/83." Nilijiambia kwamba mengine nitayaandika usiku. Usiku nililala.

Yaliyofuata yalikwenda kama yalivyostahili kwenda. Mbegu ziliingizwa ghalani zikapewa namba. Baada ya muda zilitolewa kufanyiwa majaribio, pamoja na nyingine nyingi, kwenye kituo cha tambarare chenye joto. Maharage ya milimani hayapendi usiku wa joto, huangusha maua. Mifuko yangu mitatu ilitoa maganda machache sana, na katika daftari pakaandikwa "mavuno duni". Laiti mfuko ungesema kwamba mbegu hii imetoka juu ya mlima, kwenye baridi, na kwamba hupandwa mvua zikiisha, hakuna mtu mwenye akili ambaye angeipeleka kule. Mwaka 1996 nilirudi kijijini nikaulize upya. Bibi alikuwa amefariki. Mkwewe, mama mkarimu sana, alikuwa akilima aina mbili tu zenye soko. Alinionyesha kibuyu kimoja kilichobaki. Alikuwa anawekea chumvi.

Ile mifuko mitatu bado ipo, kwenye baridi, kila mmoja na namba yake. Hakuna anayeiomba. Mtu anayeomba mbegu huomba sifa: inayovumilia baridi, inayoiva upesi, isiyoshikwa na ukungu. Ukiulizwa hayo, mfuko ulioandikwa "mekundu" hauna la kujibu.

Vijana mtauliza benki ya mbegu ni kitu gani hasa. Ni ghala, ila halihifadhi chakula. Huhifadhi sampuli ndogo ya kila aina ili ibaki hai kwa miaka mingi. Hapa nchini tunacho kituo cha taifa cha kuhifadhi nasaba za mimea, Arusha, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nchi za kusini mwa Afrika kwa pamoja zina kituo chao karibu na Lusaka, Zambia, tangu mwaka 1989, ambako huwekwa nakala za mbegu za nchi wanachama, ili kwetu kukiungua moto kwao kubaki. Kwa upande wa maharage, mkusanyo mkubwa kuliko yote duniani uko Colombia, kwenye kituo cha CIAT karibu na mji wa Cali. Kina aina zipatazo 37,000. Kunde na njugu mawe zina mkusanyo mkubwa Ibadan, Nigeria. Mbaazi na karanga ziko Patancheru, India. Na tangu Februari 2008 liko ghala la akiba ndani ya mlima huko Svalbard, Norway.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Mbegu hukaushwa taratibu, kivulini na kwa hewa kavu, mpaka maji yaliyomo yabaki kati ya asilimia 3 na 7. Hufungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa, kisha huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kila baada ya miaka kadhaa punje chache huoteshwa kupima uhai wake. Uotaji ukishuka chini ya asilimia 85 ya ule wa mwanzo, mbegu hupelekwa shambani ikazaliwe upya.

Kuna kanuni moja ningependa mwandike kwenye madaftari. Mtaalamu wa Marekani, James Harrington, aliona kwamba kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, maisha ya mbegu huongezeka mara mbili. Hali kadhalika, kila joto linaposhuka kwa nyuzi tano, huongezeka mara mbili. Kanuni hiyo ina mipaka yake, lakini hebu tufanye hesabu. Mama amevuna maharage yenye unyevu wa asilimia 14. Akiyakausha yakafika asilimia 8, ameshusha ngazi sita. Mbili kipeo cha sita ni 64. Mbegu yake itaishi mara 64 zaidi, na hajawasha umeme wowote.

Nasema hayo makusudi kwa sababu tuko Songea. Wenzangu mnakumbuka jenereta la mji wetu na giza lake. Gridi ya taifa imetufikia mwaka 2018 tu, kwa njia ya Makambako. Mtu aliyetuambia miaka ile kwamba mbegu za Ruvuma zitatunzwa hapa hapa kwenye majokofu alikuwa anatutania. Lakini kukausha hakujawahi kungoja gridi, na kuandika kumengoja kalamu tu.

Juu ya kuandika ninataka kukaa kidogo, maana watu hudhani benki ya mbegu hushindwa kwa sababu ya joto. Nimeona mbegu nyingi zaidi zikipotea kwa sababu ya karatasi.

Maelezo ya mbegu yana sehemu mbili. Ya kwanza ni pasipoti yake, yaani mambo ambayo mbegu yenyewe haiwezi kukuambia hata ukiipanda mara mia: imetoka kijiji gani, mwinuko gani kutoka usawa wa bahari, udongo wa namna gani, nani aliitoa, naye aliipata wapi, inaitwaje kwa lugha ya mahali hapo, hupandwa mwezi gani, na pamoja na nini, hupikwaje, na nani hataki kuila. Hayo yanapatikana siku moja tu, pale uani, mwenye mbegu akiwa hai na mwenye nafasi. Nyie mna bahati kwamba siku hizi hata simu ya mzazi wenu hupima mwinuko. Mimi nilikuwa na ramani na kubahatisha.

Sehemu ya pili ni sifa za mmea, na hizo hupatikana shambani. Hapa lazima kutenganisha sifa zinazobadilika na zisizobadilika. Urefu wa mmea hubadilika kwa mbolea, na mavuno hubadilika kwa mvua. Rangi ya ua haibadiliki. Umbo la punje na namna mmea unavyokua hubadilika kidogo sana. Maharage hugawanywa katika namna nne za kukua: yale ya kichaka yanayokoma kurefuka yakitoa maua, yanayoendelea kurefuka huku yamesimama, yanayotambaa, na yanayopanda miti. Punje hupimwa kwa uzito wa mia moja: chini ya gramu 25 ni ndogo, zaidi ya gramu 40 ni kubwa, katikati ni za wastani. Mengi ya kwetu ni makubwa, ya ukoo uliotoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Naam, maharage ni mgeni hapa Afrika. Alifika baada ya Wareno kuanza kupita pwani zetu. Ila amekaa nasi karne nyingi kiasi kwamba amezaa aina ambazo huko alikotoka hawazijui.

Rangi ya punje nayo ina hila zake. Maharage yakikaa, rangi hufifia au hukolea. Lililokuwa la maziwa mwezi wa saba litakuwa la kahawia baada ya mwaka. Kwa hiyo rangi iandikwe mara baada ya kuvuna, na iandikwe pamoja na umbo, mng'ao, madoa na jicho. Bodi ya kimataifa ya nasaba za mimea, iliyoundwa mwaka 1974 na makao yake yakawa Roma, ilitoa mwongozo wa sifa za maharage mwaka 1982. Mnaona basi: mwongozo ulikwisha kuchapishwa mwaka mmoja kabla ya safari yangu. Nilikuwa sijausoma.

Jina la mahali ni muhimu, lakini jina peke yake hudanganya. Nendeni sokoni mkaombe "soya". Muuzaji mmoja atawapa soya yenyewe, ile ya kusaga unga wa lishe, ambayo mkoa wetu unailima kwa wingi. Mwingine atawapa maharage ya njano, kwa sababu nayo huitwa soya. Ukisema "kablanketi" kila mtu hapa anajua, lakini nimekwisha kuona kablanketi za kichaka na kablanketi zinazotambaa, nazo si kitu kimoja. Mkusanyaji aandike jina alilopewa, kisha aeleze kana kwamba hakupewa jina lolote.

Labda mtu atasema kwamba huo ni ukarani mtupu. Nitamjibu kwa kisa cha maharage ya njano. Mwaka 1994 Mmarekani mmoja, Larry Proctor, alinunua mfuko wa maharage mchanganyiko nchini Mexico. Akachambua ya njano, akayapanda kwao Colorado msimu baada ya msimu, kisha akaomba hataza. Aprili 1999 alipewa, namba 5,894,079. Maharage hayo aliyaita Enola. Hataza ilimpa haki juu ya maharage ya rangi fulani ya njano, iliyotajwa kwa namba za kitabu cha rangi. Wakulima wa Mexico, ambao wazee wao walikula maharage ya njano tangu zamani, wakaambiwa kwamba kila ratili itakayoingia Marekani ilipiwe senti sita za dola. Desemba 2000 kituo cha CIAT kilipinga. Hakikupinga kwa maandamano wala kwa hotuba kama hii yangu. Kilifungua madaftari. Kilikuwa na sampuli zipatazo 260 za maharage ya njano, na sita kati yake zilikuwa sawa kabisa na Enola, zikiwa na tarehe, mahali zilipotoka na maelezo. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 2008 ofisi ya hataza ikayakataa madai yale, na Julai 2009 mahakama ya rufaa ikathibitisha. Fikirini kama sampuli zile sita zingeandikwa "Maharage, ya njano, Mexico".

Kisa cha pili ni kifupi. Kila mwenye ghala hapa anawajua wale wadudu wanaotoboa maharage. Wataalamu wa CIAT walipima maelfu ya aina zinazolimwa wasione yenye kinga ya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijaribu maharage ya mwituni ya Mexico, punje ndogo ndogo ambazo hakuna mama angehangaika kuzipika, na humo wakakuta kinga. Protini iliyoleta kinga hiyo ilipewa jina arselini, kutokana na mji wa Arcelia. Aliyezikusanya punje zile zisizo na faida alikuwa ameandika alikozitoa, na kwa hiyo watu waliweza kujua kwingine pa kutafuta.

Nimesema maharage tu, lakini nitaomba radhi kwa mazao mengine ya jamii hiyo. Kunde na njugu mawe ni Waafrika halisi. Asili yake ni bara hili, na tusipozitunza sisi hatuwezi kumlaumu mtu wa mbali. Njugu mawe hasa zinapungua mashambani bila mtu kupiga kelele, kwa sababu ni zao la akina mama na haliingii kwenye mizani ya ushirika. Mbaazi nazo zina tabia yake. Maharage hujichavusha yenyewe, kwa hiyo aina mbili zikikaa jirani hubaki mbili. Mbaazi hutembelewa na nyuki. Ukitaka aina ibaki safi sharti uifunike kwa chandarua au uipande mbali. Wa Tunduru na Namtumbo mnalima mbaazi nyingi. Mnakumbuka pia mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na bei ikaanguka hata watu wakaacha mbaazi zikauke shambani. Siwalaumu wakulima waliong'oa. Mkulima hawezi kuwa jumba la makumbusho kwa gharama ya ada ya mtoto wake. Vile vile simlaumu yule mkwe wa Bibi kwa kulima aina mbili zenye soko. Ningemlaumu nani? Aina mpya za Uyole zimeleta mavuno mazuri, nami mwenyewe ninazilima. Ila aina mpya hutengenezwa kutokana na za zamani, na mtu wa Uyole akija kutafuta maharage yasiyoangusha maua kwenye baridi, atapewa nini?

Mji huu wetu unajua njaa ya mbegu ni nini. Wakati wa vita vya Majimaji, mwaka 1906 na 1907, majeshi ya Kijerumani yalichoma maghala na mashamba ya Ungoni, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Katika hali kama hiyo mbegu huliwa. Hakuna wa kumlaumu anayekula mbegu mtoto wake akilia. Na huko Leningrad, mji ulipozingirwa kuanzia mwaka 1941, watunzaji wa benki ya mbegu iliyoanzishwa na Nikolai Vavilov walikufa njaa wakiwa wamezungukwa na magunia ya nafaka ambayo hawakuyagusa. Mmoja wao, mtunzaji wa karanga, alikufa mezani pake. Vavilov mwenyewe alikufa gerezani mwaka 1943. Sina hakika kama mimi ningeweza kukaa na karanga mezani nisizile. Ninalojua ni kwamba mimi nilishindwa kukesha saa moja tu kwa ajili ya mifuko tisa.

Sasa naja kwenye ombi langu, Ndugu Mwenyekiti, kisha nitakaa.

Pale nyuma ya ukumbi, juu ya meza ya maabara, kuna mitungi 40 ya kioo yenye vifuniko vya kubana, mizani ndogo, mfuko wa chumvi, na vitabu viwili vikubwa vyenye mistari. Mitungi si ya mapambo. Mwalimu wa baiolojia amekubali kabati moja. Wanafunzi wakienda likizo, kila mmoja amwombe bibi yake, au jirani mwenye umri huo, kiganja kimoja cha kila aina ya maharage, kunde, mbaazi au njugu mawe aliyo nayo. Asimwombe akiwa na haraka. Aandike hapo hapo, bibi akimsikia anavyosoma alichoandika, maana bibi atamsahihisha.

Mkirudi, zikausheni kivulini. Kujua kama zimefikia kiasi, tieni chumvi kavu na punje chache kwenye chupa kavu, mtikise, mngoje robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mbegu bado ina maji mengi, zaidi ya asilimia 15 hivi, na haifai kufungiwa. Isipogandamana, msiridhike, endeleeni kukausha siku chache zaidi, kisha ndipo mfunge. Kabla ya kufunga, pimeni uzito wa punje mia moja, na oteshesheni mia nyingine kwenye mchanga wenye unyevu. Hesabuni baada ya siku tisa. Kabati la shule si Svalbard. Kwa hiyo kila baada ya misimu miwili au mitatu mbegu zipandwe upya kwenye shamba la shule, kila aina na mstari wake na kibao chake. Zikitosha, tutaandikia kituo cha Arusha waje wachukue sehemu.

Wenzangu wa zamani, nanyi hamjasamehewa. Baadhi yenu mna mama zenu bado hai, na mna magari. Nimeona pia kwamba watatu mmekuja na maharage ya zawadi kwa ajili ya jikoni. Kabla hayajamwagwa chunguni naomba nipewe kikombe kimoja kutoka kila mfuko, na mwenye mfuko asiondoke mpaka ameniambia yametoka wapi.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu nimekwisha kuujaza mwenyewe. Nimeandika kijiji cha yule Bibi, mwinuko wake kama nilivyousoma kwenye ramani, mwezi wa kupanda, majivu, vibuyu tisa, na yote niliyoyakumbuka kuhusu lile lililobebwa kwenye ncha ya kanga. Pale penye "Jina la mahali" nimeacha mstari wazi. Kama kuna kijana humu anayetoka milima ile, na nyumbani kwao bado wanapanda harage jekundu, la mviringo, linalopandwa limechelewa na lisiloangusha maua kwenye baridi, kalamu imefungwa kwa uzi pembeni mwa kitabu.